Uingereza ilivyomfungia kabwela mlango wa dau

Kila Mei Mosi, maduka ya kubashiri ya Uingereza hutimiza mwaka mwingine tangu yaruhusiwe kisheria mwaka 1961. Wengi hudhani yalianza hapo. La hasha, yalikuwapo zamani, yakafungwa enzi ya Malkia Victoria, na namna yalivyofungwa ni dhuluma inayofaa kukumbukwa.

Kazi ya kupokea madau ilishika kasi mwishoni mwa karne ya 18, ambapo Harry Ogden wa Newmarket hutajwa kuwa wa kwanza. Hadi Victoria anatawala, hila zilikuwa zimeshatapakaa.

Ushahidi umo katika kesi ya Wood dhidi ya Peel. Mei 1844, Running Rein alishinda Derby, mbio za Epsom za farasi wa miaka mitatu tu. Lord George Bentinck alitilia shaka, akafuatilia, ikabainika kuwa yule ni Maccabeus, farasi wa miaka minne aliyepachikwa jina la mwingine. Umri wa farasi husomwa mdomoni: wa miaka mitatu ana meno mawili ya ukubwani mbele ya kila taya, wa minne anayo manne. Kanali Jonathan Peel, nduguye Waziri Mkuu na mwenye farasi aliyeshika nafasi ya pili, Orlando, akadai zawadi. Jaji Alderson akaagiza farasi aletwe akaguliwe. Hakuletwa, mdai Wood, mwenye Running Rein, akasalimu amri, Orlando akapewa ushindi. Jaji akaongeza kuwa waungwana wakikubali kushindana na wahuni, watarajie kuibiwa.

Kauli hiyo ndiyo iliyokuwa fikra ya watawala. Mwaka 1845 Bunge liliamua deni la dau lisidaiwe mahakamani. Mwaka 1853 Mwanasheria Mkuu, Alexander Cockburn, akapeleka muswada wa kufunga nyumba za dau, ambako makarani na watumishi walisoma orodha za farasi ukutani na kulipa taslimu. Tattersalls, kijiwe cha matajiri, hakikuguswa. Makabwela wakahamia vichochoroni, na mwaka 1906 sheria ikawafuata huko huko.

Tajiri Marquess of Hastings, kwa upande wake, inasemekana alipoteza zaidi ya pauni 120,000 farasi Hermit aliposhinda Derby ya 1867. Mwaka uliofuata alifariki akiwa na miaka 26 tu. Sheria ya kumlinda kabwela dhidi ya shilingi yake haikumlinda bwana huyu.

Kifungu cha 1845 nacho kiliondolewa Septemba 2007. Leo deni la dau linadaiwa mahakamani kama deni lolote.