Mwaka 1997: Zaïre inakwisha, ndombolo inavuma

Tarehe 17 Mei 1997 wapiganaji wa AFDL waliingia Kinshasa, na Zaïre ikarudia jina la Kongo. Vita hivyo vilikuwa vimeanza Kivu mwaka 1996, na familia nyingi za mashariki zilikuwa zimekwisha kuacha nyumba zao. Lakini wapenzi wa muziki wanaukumbuka mwaka huo pia kwa albamu mbili.

Ya kwanza ni Loi, ya Koffi Olomide. Ilisaidia sana kuifikisha ndombolo mbali, nje ya mipaka ya Kongo.

Ya pili ni Feux de l'amour. Ilikuwa albamu ya kwanza ya JB Mpiana kwa jina lake mwenyewe, ingawa wenzake wa Wenge Musica BCBG walishiriki. Ilipendwa sana, na ndani ya kundi ugomvi ukazidi: mkubwa ni nani? Desemba 1997 Wenge, iliyoanzishwa 1981, ikapasuka. Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaunda Wenge Musica Maison Mère. JB Mpiana akabaki na BCBG.

Agosti 1998 vita vilianza tena mashariki, na watu wakakimbia upya. Aliyekimbia aliacha redio, kaseti, hata mbuzi. Nyimbo alizozishika kichwani alikwenda nazo. Ndiyo sababu hata leo zikipigwa arusini au kambini, wakaaji na waliohama wanaziitikia pamoja, hata wale wasiosema Kilingala.