Sare ya Viongozi wa Shangwe

Kila kazi ina vazi lake. Mvuvi haendi kuvuta jarife akiwa amevaa kanzu ya Idi, wala mwashi hapandi ukutani akiwa amejitanda joho. Vazi huzaliwa na kazi. Na kazi ikibadilika, vazi nalo halina budi kubadilika. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini historia yatuonyesha kuwa mara nyingi kazi hutangulia mbio, na vazi hufuata nyuma likichechemea. Tena liko swali ambalo watu husahau kuliuliza. Nguo ikiisha kupatana na kazi, na ikiisha kupatana na mwili, ni nani awezaye kuinunua?

Mtindo, kipimo na bei ni mambo matatu yaliyo katika kila nguo. Ili tuyatazame vizuri, natuchukue mfano mmoja kutoka Marekani: sare ya viongozi wa shangwe. Hao ni wanafunzi wasimamao kando ya uwanja wakati wa mashindano, nao huwaongoza watazamaji kushangilia timu yao kwa sauti, kwa mikono na kwa kuruka. Usidhani, msomaji, kwamba mfano huu ni wa mchezo mtupu. Sare hii imepita mikononi mwa mafundi, ikapita mikononi mwa wafanya biashara, na mwisho ikafika mbele ya majaji wa mahakama iliyo kubwa kuliko zote katika nchi ile.

Habari zake zaanza katika karne ya kumi na tisa. Vyuo vikuu vya Marekani, kama Princeton, vilikuwa na vilio vyao vya kushangilia, lakini watazamaji walivipiga wenyewe kutoka vitini mwao. Tarehe 2 Novemba, 1898, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi aitwaye Johnny Campbell alisimama mbele ya umati, akauongoza ushangilie kwa pamoja. Wengi huihesabu siku hiyo kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwa kazi hii. Yafaa ukumbuke kuwa viongozi wa kwanza walikuwa wanaume. Katika chuo hicho cha Minnesota wanawake waliingia mwaka 1923.

Kazi ya wanaume wale ilikuwa kusimama, kupunga mikono na kupaza sauti kwa bomba lenye mdomo mpana. Mpira wa Kimarekani huchezwa tangu majira ya majani kupukutika hata karibu na theluji, na Minnesota ni nchi ya baridi kali. Kwa ajili hiyo vazi lao lilikuwa sweta nzito ya sufu, yenye herufi kubwa ya chuo kifuani. Herufi hiyo ilikuwa na heshima yake. Desturi ya kuivaa yasemwa kuwa ilianza kwa wachezaji wa besiboli wa chuo cha Harvard mwaka 1865. Hivyo sweta ilifanya kazi mbili: ilikinga baridi, na ilimtangaza mwenye kuivaa kuwa ni mtu wa chuo fulani. Kwa mtu asimamaye, vazi hilo lilitosha.

Kisha kazi ikabadilika. Marekani ilipoingia katika Vita Vikuu vya Pili mwaka 1941, vijana wengi wa kiume waliitwa jeshini, na wanawake wakazijaza nafasi walizoziacha. Vita vilipokwisha, wanawake hawakuondoka. Mwaka 1948 Lawrence Herkimer, aliyekuwa kiongozi wa shangwe katika chuo kimoja cha Dallas, Texas, aliitisha kambi ya mafunzo. Walikuja wasichana 52 na mvulana 1. Aliwafundisha kusema kwa pamoja na kuruka juu kwa ufundi, na namna moja ya kuruka yaitwa kwa jina lake hata leo. Katika miaka ya 1950 alianza pia biashara ya kuwauzia wanafunzi sketi na sweta. Yeye ndiye aliyepata hataza, mwaka 1971, ya kile kifungu cha nyuzi chenye mpini uliofichwa, ambacho viongozi wa shangwe hukitikisa mikononi.

Sasa fikiri, msomaji, juu ya msichana arukaye huku amevaa sweta ya sufu na sketi nzito ipitayo magoti. Hapo ndipo swali la kipimo lilipotokea. Jipime wewe mwenyewe: weka kidole kwapani, kingine kiunoni, kisha inua mkono wako juu kabisa. Utaona kuwa ubavu wako umerefuka. Mwili hurefuka, lakini kitambaa kisichonyumbuka hakirefuki. Basi upindo wa chini huvutwa juu na tumbo hubaki wazi, au mshono wa kwapani hupasuka. Fundi apimaye mtu aliyesimama wima na mikono chini hupima sanamu, hampimi mwenye kazi. Tangu zamani mafundi walijua dawa yake: kutia kipande cha pembe nne kwapani, ili mkono upate nafasi bila ya kuupanua mwili mzima wa nguo. Lakini kipande hicho chataka mkono wa fundi hodari, na kila mshono ulioongezwa ni saa iliyoongezwa, na kila saa ni fedha.

Sketi nayo ilikuwa na hesabu yake. Sketi ya marinda yaliyokunjwa kikamilifu huhitaji kitambaa mara tatu ya upana wa mwili, kwa kuwa kila rinda lina tabaka tatu. Msichana mwenye nyonga ya sentimita 90 atahitaji kitambaa cha upana wa sentimita 270. Faida yake ni kuwa marinda hufunguka mguu unapoinuliwa, na hujifunga unaposhuka. Hasara yake ni uzito na gharama. Tena marinda ya sufu yakilowa mvua hulegea, na pasi haina budi kupitishwa upya.

Dawa ya taabu hizi haikutoka kwa mafundi wa cherehani. Ilitoka kwa wanakemia. Mwaka 1941, huko Uingereza, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson walivumbua uzi wa poliesta. Uzi huu hulainika kwa moto, na ukipoa hushika umbo uliopewa. Kwa hiyo rinda lililokazwa kwa joto hukaa hata nguo ikifuliwa mara nyingi. Mwaka 1958 Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, Marekani, alipata uzi mwingine, spandeksi, unaovutika na kurudi mahali pake. Ukichanganywa kidogo tu na nyuzi nyingine, kitambaa hufuata mwili unapopinda na unapojinyosha. Kile kipande cha kwapani kikapungukiwa na kazi, kwa sababu kitambaa chenyewe kilijifunza kunyumbuka.

Mabadiliko hayo yalikuja kwa wakati wake. Mwaka 1972 Marekani ilitunga sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu isaidiwayo na fedha za serikali, na milango ya michezo ikawafungukia wasichana kuliko zamani. Kuongoza shangwe nako kukawa mchezo wa nguvu: kupinduka hewani, kubebana, kurushana na kudakana. Katika kazi kama hiyo nguo pana ni hatari, maana mkono wa mdakaji waweza kunaswa ndani yake. Na nguo ibanayo mno ni hatari vile vile, maana huzuia pumzi na hatua. Sketi zikawa fupi, zikapunguzwa marinda, na ndani yake kaptura ikavaliwa kwa ajili ya stara. Hata mapambo yalibadilika. Zamani kila mstari ulikatwa na kushonwa juu ya nguo. Siku hizi waweza kuchapwa kwa rangi inayoingizwa ndani ya nyuzi za poliesta kwa joto, na mishono mingi ikaokolewa.

Mpaka hapa twaweza kusifu. Lakini sare si kitambaa tu, ni mlango. Aivaaye amekubaliwa, na asiyeivaa yuko nje. Katika mji wa Crystal City, Texas, wanafunzi wengi walikuwa wa asili ya Meksiko, lakini katika kundi la viongozi wa shangwe waliachiwa nafasi chache mno. Mwezi wa Desemba, 1969, wanafunzi hao waligoma, wakatoka madarasani. Hawakugoma kwa sababu ya nguo peke yake. Walikuwa na madai mengi juu ya elimu yao. Lakini nguo ile ilikuwa alama iliyoonekana na kila jicho, ya nani ahesabiwaye kuwa mwana wa shule. Mwezi wa Januari, 1970, halmashauri ya shule ilikubali madai yao. Mlango wa asili ukafunguliwa. Ulibaki mlango wa bei.

Mwaka 1974 Jeff Webb, aliyepata kufanya kazi kwa Herkimer, alianzisha shirika lake huko Memphis, Tennessee. Lilikuza mafunzo na mashindano, likauza na sare. Mwaka 2004 shirika la Herkimer na la Webb yalikuja chini ya paa moja, katika kampuni ya Varsity. Ndipo mfanya biashara mdogo, Star Athletica, alipoingia sokoni na sare zenye mistari na pembe zilizofanana na za Varsity. Varsity ikamshitaki mwaka 2010, ikidai hakimiliki ya michoro mitano.

Swali lililowakabili majaji halikuwa jepesi. Sheria ya Marekani hulinda sanaa, lakini hailindi umbo la kitu cha kutumiwa tu, kama vile kiti au nguo. Je, mistari iliyo juu ya sare ni sanaa, au ni sehemu ya nguo? Ukiiondoa, sare bado ni sare? Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kuamua, mwaka 1954, kuwa sanamu iliyofanywa shina la taa yaweza kulindwa kama sanaa. Tarehe 22 Machi, 2017, kwa majaji 6 dhidi ya 2, iliamua kuwa michoro ya sare nayo yaweza kulindwa, ikiwa yaweza kufikiriwa peke yake, mbali na nguo, kama picha juu ya karatasi. Jaji Thomas, aliyeandika hukumu, alieleza pia kwamba mwenye michoro hana haki ya kumzuia mtu mwingine kushona sare yenye umbo, mkato na vipimo vile vile. Jaji Breyer alipinga. Aliona kuwa ukiitenga michoro ile na nguo, utapata picha ya nguo ile ile.

Uzito wa hukumu hiyo ni huu: mkato wa nguo, ambao ndio unaousaidia mwili kufanya kazi, ni mali ya watu wote, bali mistari, ambayo haimsaidii mtu kuruka hata kidole kimoja, yaweza kuwa na mwenyewe. Yuko atakayesema kwamba mchoraji naye astahili ujira wa jasho lake, na neno hilo ni la haki. Lakini shule ikisema kuwa kiongozi wa shangwe si kamili mpaka avae mistari fulani, na mistari hiyo ina muuzaji mmoja, mzazi hana soko, ana agizo. Katika mwaka 2020 wenye kumbi za mazoezi na wazazi walianza kuishitaki kampuni ya Varsity, wakidai kuwa imelishika soko peke yake na kuwatoza bei kubwa mno. Kampuni ilikana. Kesi moja ilimalizwa kwa mapatano ya dola milioni 43.5 mwaka 2023, na nyingine kwa dola milioni 82.5 mwaka 2024.

Usiseme, msomaji, kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo. Mwaka 2003, mwaka ule elimu ya msingi ilipofanywa bure katika Kenya, watafiti walianza kuwagawia sare watoto wa darasa la sita katika shule kadha za magharibi ya nchi yetu. Miaka mitatu baadaye, wasichana walioacha masomo walikuwa 16 katika kila 100 pale palipogawiwa sare, na 19 pale pasipogawiwa. Karo ilikuwa imekwisha kuondolewa. Hata hivyo nguo ilikuwa bado imesimama mlangoni. Watatu katika mia yaonekana ni hesabu ndogo, mpaka mmoja wao awe dada yako.

Wazee walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Neno hili ni kweli kwa nguo iliyopimwa kwa mwili wa mwingine. Lakini fundi mwenye busara huacha kitambaa cha akiba katika upindo na katika mishono ya ubavu, ili sare ya mwaka huu iweze kupanuliwa kwa mvaaji wa mwakani; na herufi ya shule ikishonwa juu ya kipande cha peke yake, yaweza kuhamishwa kutoka nguo kuukuu kwenda nguo mpya. Hizo si hekima za maabara wala za mahakama. Ni hekima za meza ya kukatia.

Basi ukikua, na ukawa mwalimu, au mzazi katika halmashauri ya shule, au fundi mwenye duka lake, utawekewa siku moja mchoro wa sare mezani, nawe utaombwa kuukubali. Usiutazame kwa macho ya uzuri tu. Uliza kama mvaaji ataweza kuinua mkono. Uliza kama itamfaa mnene na mwembamba, mrefu na mfupi. Kisha uliza bei, na uulize mbele ya watu, maana yule ambaye swali hilo lamhusu zaidi mara nyingi huona haya kuliuliza.