Golf si jina la kartie tu: mchezaji mpya wa Lubumbashi aanzie wapi?

LUBUMBASHI – Kila asubuhi wapiga debe wa bisi huita "Golf! Golf!", na watu hupanda. Wanaoshuka huko ni mama wanaotoka soko, wanafunzi, walinzi wa usiku wanaorudi nyumbani. Ni wachache sana kati yao waliowahi kushika fimbo ya gofu. Kwa wengi, na hasa kwa familia zilizofika mjini kwa kukimbia vita kutoka Mitwaba, Pweto au mashariki ya nchi, Golf ni jina la kartie: mahali pa kutafuta nyumba ya kupanga au kazi ya siku.

Lakini kabla ya kuwa jina la kartie, golf ni mchezo, na uwanja wake upo hapa hapa mjini, wenye mashimo 18. Kijana akitaka kuanza mchezo huu leo, swali la kwanza ni hili: uwanja mrefu kama huo unamfaa mtu asiyejua kitu? Jibu lina sehemu mbili. Moja iko katika mchezo wenyewe, nyingine iko katika historia ya mji.

Mji uliokatwa vipande viwili

Reli kutoka kusini, kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, ilifika hapa mwaka 1910, mwaka ule ule Wabelgiji walipoanzisha mji na kuuita Elisabethville. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo Kiingereza kilisikika sana katika migodi na karakana, na pesa ya Uingereza ilitumika madukani, kwa sababu mashine, makaa na mafundi wengi walipitia kusini. Gofu nayo ni mchezo wa watu wa Uskoti na Uingereza. Ukitazama ramani, si ajabu kwamba mji wa Wabelgiji ulipata uwanja wa gofu kama miji ya migodi iliyo ng'ambo ya mpaka.

Mji huo ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walikaa katikati. Wafanyakazi weusi waliwekwa katika kambi za kampuni na katika cité, ile ambayo leo ni Kamalondo, na baadaye Kenya na Katuba. Kati ya pande hizo mbili paliachwa ukanda mtupu wenye upana wa mamia ya mita. Wakubwa walisema ni kwa ajili ya afya, ili mbu wa malaria wasivuke. Usiku mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea upande wa wazungu bila karatasi.

Katika mpango huo, gofu ilikuwa mchezo wa upande mmoja. Inahitaji eneo kubwa, maji, watu wa kukata majani kila wiki, na mchezaji mwenye saa nne za bure. Upande wa pili ulipata mpira wa miguu. Mwaka 1939 mapadri Wabenedikto walianzisha timu ya Saint-Georges, ambayo leo dunia inaijua kama TP Mazembe. Lupopo nao wanahesabu kuzaliwa kwao mwaka huo huo. Mpira ulihitaji kiwanja cha vumbi na kitu cha duara, ukaenea hadi kila kona ya mji. Gofu ilibaki nyuma ya uzio.

Kwao, uwanja ni wa mji

Watu wengi hudhani gofu ilizaliwa nyuma ya uzio. Sivyo. Uwanja unaojulikana kuliko yote duniani, ule wa St Andrews huko Uskoti, uko juu ya ardhi ya watu wote. Kwa mamia ya miaka wenyeji walilisha mifugo pale, wakaanika nguo pale, na wakacheza pale pale. Ni huko ambako mwaka 1764 mashimo yalipunguzwa kutoka 22 hadi 18, na hesabu hiyo ikaja kufuatwa dunia nzima. Mwaka 1894 sheria ilipitishwa ili mji ununue tena ardhi hiyo iliyokuwa imeingia mikononi mwa mtu binafsi. Hadi leo uwanja huo wa kale kwa kawaida hufungwa Jumapili, na wenyeji wanatembea juu yake na watoto wao kama bustani.

Kwa hiyo kilicholetwa katika makoloni kilikuwa nusu ya mchezo. Fimbo, mipira na mashimo 18 vilikuja, lakini desturi ya ardhi ya wote iliachwa nyuma.

Walioingia kwa mlango wa kazi

Hata hivyo uzio haukuzuia macho. Katika Afrika ya kusini na ya kati, Waafrika wengi waliojua gofu mapema waliijua kwa kubeba mifuko ya fimbo za wengine. Mbeba fimbo, anayeitwa kedi, hutembea uwanja mzima. Anajua upepo unatoka wapi, mpira utaviringika upande gani, na fimbo ipi inafaa kwa mita 100. Anajifunza mchezo kabla ya kuruhusiwa kuucheza.

Mfano unaojulikana ni wa Papwa Sewgolum, Mhindi wa Durban aliyeanza kama kedi na kushika fimbo kwa mikono iliyogeuzwa, kinyume na vitabu vyote. Alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mwaka 1959, 1960 na 1964. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya Natal katika nchi yake mwenyewe. Kwa sababu ya ubaguzi, alikabidhiwa kombe nje, kwenye mvua, huku wazungu wakiwa ndani ya jengo la klabu.

Karibu na hapa, upande wa Zambia, kila mji wa shaba ulijengewa uwanja wake: Chililabombwe, Chingola, Kitwe, Luanshya, Ndola. Uwanja wa Ndola unajulikana kwa vichuguu vyake vikubwa, ndugu wa vile ambavyo watu wa Lubumbashi huchimba udongo wake kwa kuchoma matofali. Baada ya uhuru Wazambia waliingia katika viwanja hivyo kama wachezaji, na mwaka 2006 Madalitso Muthiya akawa Mzambia wa kwanza kucheza mashindano ya wazi ya Marekani.

Urefu si adui

Sasa turudi kwa kijana wetu. Uwanja kamili wa mashimo 18 huwa na mita 5,500 hadi 6,500 hivi, na mchezaji mzuri hutazamiwa kuumaliza kwa mapigo 70 hadi 72. Mtu mpya akisikia hivyo anaogopa. Lakini kinachomvunja moyo mara nyingi si urefu wenyewe. Ni mahali anapoanzia.

Kila shimo lina sehemu kadhaa za kuanzia, zilizowekwa alama. Ya nyuma kabisa ni ya mabingwa, ya mbele ni ya wenye nguvu ndogo na wanaojifunza. Shimo la mita 400 linaweza kuwa la mita 300 kwa anayeanzia mbele. Kama pigo lako refu ni mita 120, tofauti hiyo inakuondolea karibu pigo moja katika kila shimo, na kwa mashimo 18 hiyo si hesabu ndogo. Hakuna aibu kuanzia mbele.

Kwa hiyo anayechagua uwanja aulize mambo haya. Je, njia kati ya mwanzo na bendera ni pana, au miti imebana pande zote? Je, kuna maji ambayo lazima mpira uyaruke, au mtu anaweza kupita kando? Je, kuna kiwanja cha mazoezi na mtu wa kufundisha? Je, fimbo zinakodishwa? Sheria inaruhusu kubeba fimbo 14, lakini anayeanza anatosheka na nusu ya hizo. Je, anaweza kucheza mashimo tisa tu na kulipa ya tisa? Je, kuna saa ambazo wachezaji ni wachache, ili asisukumwe na walio nyuma yake?

Kwa hali ya hewa yetu, miezi ya kiangazi, Mei hadi Oktoba, inamsaidia mgeni: ardhi ni ngumu na mpira unaviringika mbali zaidi. Wakati wa mvua majani hukua upesi na mipira hupotea.

Kuhusu hesabu, kuna njia ya pointi iliyobuniwa na daktari Mwingereza Frank Stableford na kutumika tangu mwaka 1932. Shimo likikushinda, unaokota mpira wako na kwenda shimo la pili. Umepoteza shimo moja tu, si mchezo wote. Tena, tangu mwaka 2020 utaratibu wa dunia unampa anayeanza nyongeza ya hadi mapigo 54, wanaume na wanawake sawa. Na anayeweza kulipa kedi mzoefu asisite. Mara nyingi huyo ndiye mwalimu wa kwanza.

Swali la mlangoni

Yote hayo yanahusu urefu wa uwanja. Yanabaki yale yanayohusu uzio. Ada ni ngapi? Mtoto wa Katuba au Ruashi anaweza kujifunza bila mzazi wake kuwa mwanachama? Familia iliyohama inaweza kuingia hata kutazama tu? Mwenye kutaka kuanza aulize maswali haya mlangoni kabla ya kuuliza habari za mita.

Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, Elisabethville ikawa Lubumbashi mwaka 1966, na ukanda mtupu wa wakoloni haugawi tena watu. Mji huu tangu mwanzo ulijengwa na waliotoka mbali: Kasai, Rwanda, Burundi, Zambia, na leo kutoka Kivu. Wengi waliingia kwa mlango wa kazi, kama wale makedi. Uwanja wa mashimo 18 ambao leo umempa kartie nzima jina lake unaweza kumfaa mchezaji mpya, kama ataonyeshwa alama za mbele na kuambiwa, "Anzia hapa."