Enzi ya Memori Kadi

Husemwa mara nyingi, hata na watu wanaoijua teknolojia, kwamba Afrika Mashariki ilizoea kuhamisha mafaili kwa waya, kadi na bluetooth kwa sababu intaneti ilikuwa ghali, na kwamba bando zikishuka bei zoea hilo litakufa lenyewe. Maelezo hayo yanaingia akilini, ila tarehe zinayakataa. Kebo ya baharini ya SEACOM iliwashwa Julai 2009, TEAMS ikafika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ikafuata 2010. Kama vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu vilizaliwa na uhaba wa intaneti, basi hapo ndipo vingeanza kufungwa. Kinyume chake vilishamiri, kwa sababu kebo ziliviletea mzigo: kompyuta moja yenye intaneti, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, ilipakua wimbo mara moja ikaugawa kwa simu nyingi ambazo zisingeupakua zenyewe. Kilichoamua uhai wa biashara ile, na wa desturi nzima ya kuhamisha faili bila kupitia mtandaoni, ni namna simu zilivyotengenezwa, na hasa nani alikuwa na kauli juu ya hifadhi iliyomo ndani yake.

Kabla ya kadi, kutoa kitu kwenye simu kulitaka subira. Infraredi ilidai vifaa viwili vilazwe vikitazamana, umbali wa kama mita moja, na mtu asipitishe mkono katikati. Bluetooth, iliyoanza kubuniwa na Ericsson huko Sweden mwaka 1994, iliondoa sharti la kutazamana, na vijana wakaanza kurushiana milio na picha hadi ndani ya daladala. Lakini hesabu yake ilibana. Toleo la 2.0, la mwaka 2004, lilipitisha takriban megabiti 2 kwa sekunde mambo yakiwa mazuri kabisa. Wimbo wa megabaiti 4 ulivuka upesi, filamu ya megabaiti 700 ikachukua kama dakika 45, betri ikivumilia. Waya nao ulikuwa na maringo yake. Nokia walikuwa na tundu lao la Pop-Port, Sony Ericsson na Samsung kila mmoja na lake, na mara nyingi kompyuta haikuelewana na simu mpaka iwekewe programu ya kampuni husika. Makubaliano ya watengenezaji wakubwa kutumia tundu moja la micro-USB yalifikiwa Ulaya Juni 2009 tu. Fundi wa kibandani angelazimika kuweka droo nzima ya nyaya, nyingine za simu ambazo zingemfikia mara moja kwa mwaka.

Kadi ilimwondolea fundi adha hiyo yote. SanDisk waliitoa mwaka 2004 kwa jina la TransFlash, mwaka uliofuata ikapokewa kama microSD: milimita 15 kwa 11, nyembamba kama ukucha. Fundi alibandua mfuniko wa nyuma, akatoa betri, akaisukuma kadi kwa kidole, akaitia kwenye kadi rida, na kompyuta ikaiona kama diski nyingine yoyote. Humo mlikuwa na folda ya DCIM yenye picha za harusi, folda ya sauti zilizorekodiwa, na nyimbo ambazo nusu yake hazikuwa na jina la maana. Hakuna aliyeulizwa nywila wala akaunti. Simu za Kichina za laini mbili zilihudumiwa sawasawa na Nokia ya bei mbaya, maana kadi haikujua imetoka wapi. Thamani ya mpango huo ilionekana pale mamlaka zilipozima simu bandia, Kenya mwishoni mwa Septemba 2012 na Tanzania Juni 2016: simu ilikufa, lakini kadi ilichomolewa ikahamia simu nyingine na kila kilichokuwa ndani yake. Na pwani jambo la kwenda dukani kutafuta muziki kwenye chombo cha kubebeka halikuwa geni. Mbwana Radio Service ya Mombasa ilikuwa ikitoa taarab kwa kanda miaka mingi kabla ya hapo.

Mabadiliko makubwa yalikuja kimyakimya mwaka 2011. Hadi wakati huo simu ya Android ikichomekwa ilijitolea kwa kompyuta kama diski. Kuanzia toleo la 3.0, Google waliingiza MTP, mfumo ulioanzishwa na Microsoft kwa ajili ya vicheza muziki, na kwenye simu nyingi mpya mtindo wa diski ukatoweka. Kwa macho tofauti ni ndogo, folda zinaonekana zilezile. Kwa utendaji ni tofauti ya kukabidhiwa ufunguo wa ghala na kusimama dirishani ukimwagiza karani: kompyuta haiigusi tena hifadhi, inaomba faili mojamoja, na simu ndiyo inayoamua itoe nini. Mwaka 2015, toleo la 6.0 likaenda mbele zaidi, simu ikichomekwa inachaji tu mpaka mwenyewe ateremshe taarifa kwenye kioo na kuchagua kuhamisha mafaili. Wengi hudhani waya umeharibika. Pengine ni kweli, kwa kuwa waya wa kawaida wa USB 2.0 una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za data, na baadhi ya nyaya za bei ya chee huuzwa bila nyuzi za data. Mwaka huohuo Samsung waliingiza sokoni Galaxy S6 isiyo na tundu la kadi. Apple hawakuwahi kuliweka kwenye iPhone tangu 2007.

Atakayepinga atasema kulikuwa na sababu za kitaalamu, na atakuwa na haki. Diski moja haiwezi kuandikwa na mifumo miwili kwa wakati mmoja. Zamani simu ilipojikabidhi kwa kompyuta, yenyewe ilikosa kuiona kadi yake, na programu zilizokaa humo zikapotea kwa muda. Sharti la kuruhusu kwanza linamlinda mtu anayechaji kwenye kompyuta asiyoijua. Wala sidai kwamba wakubwa wa kampuni walikula njama. Ninachosema ni kwamba iCloud ilizinduliwa Oktoba 2011 na Google Drive Aprili 2012, kwa hiyo njia ya mtandaoni ilipanuliwa katika miezi ileile ambayo njia ya waya ilisongwa, na anayeuza hifadhi hana haraka ya kurahisisha ile ya bure.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: vibanda viliishi kwa jasho la wasanii. Hapo sina utetezi. Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki ya 1999 na Kenya ya 2001, na aliyejaza kadi kwa nyimbo za watu alizivunja kila siku. Ila kadi zilezile zilibeba mawaidha na mahubiri ambayo wenyewe walitaka yaenee, na picha ambazo hazikuwa na hakimiliki ya mtu mwingine yeyote. Virusi pia vilisafiri humo, vikificha folda na kuacha njia za mkato bandia. Lakini Microsoft walipozima kujiendesha kwa programu za USB, kwanza kwenye Windows 7 na Februari 2011 kwenye matoleo ya zamani, mlango mmoja mkubwa wa virusi hivyo ulizibwa bila kuifuta kadi. Kuhusu usalama wa picha simu ikiibwa, nakala iliyoko kwenye kompyuta ya nyumbani haiibwi pamoja na simu. Ile ya mtandaoni nayo ina mwenye nyumba: Google Photos ilianza 2015 ikiahidi nafasi isiyo na kikomo bila malipo kwa picha zilizobanwa, na tarehe 1 Juni 2021 picha mpya zikaanza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 za akaunti.

Wanaohamisha bila intaneti leo wamegeukia Wi-Fi ya simu kwa simu, kupitia programu kama Xender, na kwa kompyuta baadhi hutumia FTP: programu ya mafaili kwenye simu inatoa anwani ya tarakimu, unaiandika kwenye kompyuta, folda zinafunguka bila waya wala akaunti. Msingi wa FTP uliandikwa na Abhay Bhushan mwaka 1971, kabla hata simu ya mkononi haijapigwa. Chrome na Firefox ziliacha kuifungua mwaka 2021. Dirisha la mafaili la Windows bado linaifungua.