Neno "Ile" na Ulinzi wa Fedha za Simu

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata. Lugha yetu iliipatia msamiati upesi, pasipo kamati yoyote kuketi, na sehemu kubwa yake ni maneno ya zamani yaliyopewa kazi mpya. Wakala, aliyekuwa mtu wa kushika shughuli za mwingine, akawa mwenye kibanda cha kuweka na kutoa fedha. Muamala, neno lililotaja jinsi watu wanavyotendeana, likawa tendo moja la kuhamisha fedha, lenye namba yake ya kumbukumbu.

Istilahi iliyofaulu kuliko zote, kwa maoni yetu, ni namba ya siri. Asemaye "pini" ametaja kitu tu. Asemaye namba ya siri ametaja kitu pamoja na sharti lake. Mtu anayeombwa na mgeni amtajie namba yake ya siri amekwisha kuonywa na maneno yenyewe.

Lakini walaghai hawakukaa wakingoja namba hiyo. Nchini Tanzania ulienea ujumbe mfupi usioomba siri yoyote: ile pesa itume kwenye namba hii. Nguvu yote ya ujumbe huo imo katika kionyeshi "ile". Kila mwalimu wa sarufi ajua kwamba kionyeshi hicho huweza kurejelea jambo ambalo msemaji na msikilizaji wamekwisha kulifahamu. Ujumbe hupelekwa kwa watu wengi kwa kubahatisha. Miongoni mwao hakosi mpangaji anayedaiwa kodi, au mzazi aliyeahidi karo, naye huijaza "ile" kwa deni lake mwenyewe. Mitambo ilipoanza kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, walaghai waliongeza maneno machache: jina litakuja la fulani. Kinga ikageuzwa kuwa ushahidi wa uongo. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwezi Mei 2019, nao haukuukomesha mchezo huu, kwa kuwa laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mmoja yaweza kutumiwa na mwingine.

Je, tendo hili tuliite nini? Tafsiri ya neno kwa neno, "uhandisi wa kijamii", humfanya msomaji afikirie madaraja. Wizi nao haukidhi, kwani fedha zimetumwa kwa mkono wa mwenyewe. Twapendelea hadaa, neno lililokuwapo siku zote, lenye maana ya kumvuta mtu kwa hila atende asilolitaka. Suala hili si la wanakamusi peke yao. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Karani akiandika kuwa mlalamikaji "alihadaiwa akatuma", maelezo yana watu wawili ndani yake. Akiandika "alituma kimakosa", amebaki mmoja, naye ndiye mwenye kosa.

Kwa wanaotayarisha matangazo, yafaa onyo lianze na neno lenyewe: ukiona "ile", mpigie unayemdhania kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, wala si kwa ile iliyoandika. Ujumbe wenyewe na namba iliyoutuma vipelekwe 15040, namba iliyotengwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kwa kazi hiyo.