Kuhitimu Kabla ya Cheti

Kila Novemba magazeti yetu hujaa picha za vijana waliovaa majoho, na chini ya kila picha kuna neno lilelile: wahitimu. Huyu kahitimu sheria, yule uhasibu, wa tatu ualimu. Tumelizoea neno hadi tumesahau kwamba kwa muda mrefu watu wa pwani hawakuhitimu fani. Walihitimu kitabu, tena kitabu kimoja. Ikisemwa mtoto wa fulani kahitimu, mtaa mzima ulijua kwamba ameumaliza msahafu, ameusoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, mbele ya mwalimu wake.

Asili ya neno hilo ni Kiarabu, khatama, yaani kufunga kitu na kukitia muhuri. Humo tumepata hitima, hatima na hitimisho. Na si hilo tu lililotoka katika msahafu. Anayesoma riwaya leo husema yuko sura ya tatu, mwalimu wa shule humwambia mwanafunzi aandike insha yenye aya tano, na mwenye duka la vitabu huuza kamusi yenye juzuu mbili. Sura, aya, juzuu: vyote vilikuwa vipimo vya Kurani kabla havijahamia kwenye riwaya, insha na kamusi. Mswahili hata akisoma hadithi ya mapenzi kitandani, anaipima kwa mizani ya chuoni, yaani madrasa ya Kurani.

Chuo chenyewe nacho kina mambo yake. Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha kujifunzia Kiswahili mwaka 1870, aliandika kwamba chuo ni kitabu. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo, na ambao nakala yake ya kale inahesabiwa kuwa ya mwaka 1728, unajulikana pia kama Chuo cha Herekali, yaani kitabu cha Herekali. Mwanachuoni basi ni mtu wa vitabu, awe na jengo la kufundishia au hana. Angefufuka mzee wa Pate wa zama zile akasikia kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huenda angeomba kuletewa hicho kitabu kikubwa aone kina juzuu ngapi.

Mtoto wa chuoni alianza na ubao. Juu yake mwalimu aliandika herufi, baadaye herufi zenye irabu, kisha aya fupi. Likishakaa somo kichwani ubao ulioshwa na jingine likaandikwa, na kuoshwa kwa ubao ndiko kulikoonyesha kwamba umevuka. Baadaye alishika juzuu ya Amma, ile ya 30, na hapo safari ikaenda kinyumenyume. Akishasoma Fatiha, mtoto huruka hadi mwisho wa kitabu, kwenye Suratun-Nas yenye aya 6 tu, halafu hupanda akirudi juu: Falaq, Ikhlas, na kuendelea. Juzuu hiyo moja ina sura 37, nyingi zikiwa fupi, na kila sura inayomalizika ni ushindi wa kwenda kusimulia nyumbani. Kadiri anavyopanda ndivyo sura zinavyorefuka. Baqara, yenye aya 286, ndefu kuliko zote, humngoja mwishoni kabisa, wakati ulimi umeshakuwa mwepesi. Aliyepanga hivyo aliwajua watoto.

Ndiyo maana swali la mtu mzima kwa mtoto wa chuoni halikuwa "una miaka mingapi huko?" Lilikuwa "umefika wapi?" Na jibu lilikuwa mahali ndani ya kitabu: niko Amma, niko Tabaraka, nimeingia Yasini. Jibu kama hilo halina udanganyifu. Anayeuliza akitaka kuhakikisha, anamwambia mtoto asome pale pale barazani.

Mkaribie mtoto huyo aliyeketi mkekani. Msahafu uko juu ya marufaa, mkononi ana chelewa anayofuatia maneno ili jicho lisiruke mstari. Mwalimu akiridhika, huchukua penseli na kuweka alama ndogo pembeni mwa ukurasa, pale somo la leo lilipoishia. Kesho huanzia hapo. Msahafu uliopita katika mikono ya ndugu watatu una alama za watatu wote, nyingine zimefutika nusu, nyingine zimekaribiana kwa sababu wiki ile mtoto alikuwa mgonjwa au mtoro. Ukijua kuzisoma alama hizo, unajua ni nani alikuwa mwepesi na ni nani alilia kwenye Baqara.

Kitabu chenyewe kilitengenezwa kihesabike. Kurani ina sura 114, lakini sura hazilingani urefu, kwa hiyo wasomaji wa kale waliigawa upya katika juzuu 30 zinazokaribiana, kila juzuu ikawa na hizbu 2, kila hizbu na rubu 4. Jumla ni rubu 240. Siyu, kisiwani Pate, palikuwa mahali mashuhuri pa kunakili misahafu kwa mkono katika karne ya 18 na 19, na pambo la pembeni mwa ukurasa, mbali na uzuri wake, lilikuwa na kazi ya kumwonyesha msomaji amefika wapi.

Siku ya kuhitimu ilikuwa ya mwalimu kama ilivyokuwa ya mtoto. Mzazi alileta chochote alichojaaliwa, watu wakala, dua ikasomwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ndiyo kiini cha kitabu Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, hakuacha kueleza mafunzo ya chuoni miongoni mwa desturi nyingine kubwa za watu wake, pamoja na harusi na matanga. Kwake lilikuwa jambo la ukubwa huo.

Waliotaka kuendelea walipanda ngazi nyingine, nayo pia ilihesabiwa kwa vitabu. Katika fikihi ya Kishafii mwanafunzi alianza na Safinatun-Naja, kijitabu chembamba cha Salim bin Sumair, Mhadhrami aliyefia Batavia, Jakarta ya leo. Miaka mingi baadaye, kama pumzi ilimtosha, alifika Minhaji ya Imamu Nawawi. Kwenye sarufi ya Kiarabu alianza na Ajurumia na kupanda hadi Alfiya ya Ibn Malik, yenye mistari takriban 1,000, ya kuhifadhiwa. Hakuna aliyesema yuko mwaka wa pili. Alisema yuko kitabu gani, na anakisoma kwa nani.

Hilo la "kwa nani" ni muhimu. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alichapisha mwaka 1972 kitabu kuhusu baadhi ya wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki. Ukikifungua utaona wasifu wa watu hao unaandikwa kwa kutaja walimu wao na vitabu walivyosoma kwao. Mtu ni orodha ya alichosoma na aliyemsikiliza akisoma. Kitabu ulichokisoma peke yako chumbani hakikuwa na uzito huo, kwa sababu hakuna aliyekusahihisha. Leo tunaona hilo ni kali mno. Mimi mwenyewe nisingependa kusikilizwa na sheikh kila kitabu ninachodai nimekimaliza.

Kisha kuna kuhesabu kwa pamoja, nako hakujafa hata kidogo. Nenda kwenye hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, Mombasa, Tanga au Unguja. Kisanduku cha vijitabu 30 vyembamba kinawekwa katikati, kila kijitabu juzuu moja, navyo vinapita mkono kwa mkono. Chumba kinajaa mvumo wa sauti thelathini ambazo hazifuatani. Mzee aliyezoea anamaliza mapema na kunyoosha mkono achukue cha pili, kijana wa pembeni bado yuko ukurasa wa tano na jasho linamtoka. Wa mwisho akifunga chake, msahafu mzima umesomwa kwa muda ambao mtu mmoja angekuwa hata hajafika mbali. Halafu vijitabu hupangwa tena kwa namba, kwa sababu kimoja kikipotea kisanduku kizima hakifai.

Ramadhani, hesabu huwa ya mtu mmoja mmoja. Msahafu wa Madina unaotumika sana siku hizi una kurasa 604, kila juzuu kurasa 20 hivi. Gawanya kwa sala tano: kurasa 4 baada ya kila sala, na mwezi ukiisha umehitimu. Hesabu hii inajulikana na akina mama wengi ambao hawajawahi kushika kikokotoo. Siku hizi mgawo wa juzuu hupita hata kwenye simu, kila jina na namba yake, na aliyechelewa hukumbushwa mbele ya ukoo mzima. Na anayehitimu hafungi msahafu akaondoka. Akimaliza Suratun-Nas hurudi hapo hapo kwenye Fatiha na aya za mwanzo za Baqara. Ukimuuliza amehitimu mara ngapi, huenda akakwambia, huenda akanyamaza kwa kuogopa kujisifu.

Kwingine watu walihesabu tofauti. Charles Darwin, kwa mfano, aliweka madaftari ya vitabu tangu 1838 hadi 1860, upande mmoja vya kusomwa, upande mwingine vilivyosomwa. Hiyo ndiyo hesabu ambayo vijana wetu wengi wanaifuata leo wanapojiwekea lengo la vitabu kumi na viwili kwa mwaka: vitabu tofauti, kila kimoja mara moja, piga mstari, nenda kingine. Ya pwani ilikuwa kitabu kilekile, mara nyingi. Siwezi kusema ipi ni bora. Ila najua ipi hukaa kichwani.

Serikali ya Tanzania ilipoingia katika kazi ya kuhesabu wasomaji, ilileta kipimo cha tatu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wakati sensa ya 1967 ilionyesha takriban asilimia 67 ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Madarasa ya kisomo, yale tuliyoyaita ngumbaru, yakafunguliwa chini ya miembe, kwenye ofisi za vijiji, popote palipokuwa na ubao na chaki. Vitabu vilifuata kazi za watu: pamba kwa wakulima wa pamba, uvuvi kwa wavuvi, ndizi kwa wenye migomba. Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa kwanza wa kitaifa, na watu wazima wakapangwa katika hatua nne. Ya kwanza ilikuwa kuhudhuria tu, angalau theluthi mbili ya masomo. Ya pili, kutambua herufi na maneno. Ya tatu, kusoma sentensi fupi na kuielewa. Ya nne, kusoma gazeti na kuweka kumbukumbu za matumizi yako mwenyewe.

Kati ya hatua ya tatu na ya nne kuna gazeti. Wapangaji walilijua hilo, na ndiyo sababu Mwanza lilianzishwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, mwaka 1974, ili aliyefuzu apate cha kusoma. Kufikia 1986 takwimu rasmi zilisema wasiojua kusoma wamebaki asilimia 9.6. Ni kazi ambayo haijawahi kufanywa tena katika nchi hii, na anayeibeza hakuuona uso wa mama wa miaka hamsini akisoma jina lake kwa mara ya kwanza.

Lakini mtihani ulifanywa, cheti kikatolewa, mtu akahesabiwa, basi. Uchumi ulipoporomoka, karatasi ikaadimika, magazeti ya vijijini yakanyauka, na wengi waliofuzu wakarudi kule walikotoka kwa kukosa cha kusoma. Sensa ya 2002 ilikuta takriban watu 3 kati ya 10 wenye miaka 15 na zaidi hawajui kusoma. Sababu ni nyingi, shule za watoto nazo zilizorota, ila kosa moja liko wazi kwangu: tulimhesabu msomaji siku aliyovuka, hatukumwandalia cha kumrudisha kwenye kitabu. Bibi asiyejua lolote kuhusu mtihani wa 1975 aliendelea kuhitimu kila Ramadhani mpaka macho yalipomshinda.

Misahafu na vitabu vyenye zile alama za penseli za watoto wa chuoni vinaliwa na mchwa hivi tunavyozungumza. Vitabu vya mkono vya Msikiti wa Riyadha, Lamu, vimeshapigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza, na Nyaraka za Zanzibar huko Kilimani zinahifadhi vingine. Vya majumbani havina mlinzi. Kama kabatini kwenu kuna msahafu wa babu wenye alama za penseli, au daftari la ngumbaru la mama lenye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa zilizopinda, usilitupe pamoja na magazeti ya zamani. Lipige picha kurasa zote, pamoja na pembeni, kisha uwaulize walio hai zile alama ni za nani.