Fataki Irukayo na Kurudi Salama

Kila mtu aliyewahi kuhudhuria sikukuu kubwa mjini amekwisha ona fataki. Hupanda juu kwa mvumo, zikapasuka kwa nuru ya rangi nyingi, na watu wakashangilia. Ni wachache waulizao kile kijiti chake kimeangukia wapi. Leo twapenda kusimulia habari za fataki ya namna nyingine, ambayo sifa yake kubwa si kupanda, bali ni kushuka bila kumdhuru mtu.

Habari hizi ni za nchi ya Marekani. Katika mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska, palikuwa na mwenye duka la viatu, jina lake Orville Carlisle. Kazi yake ilikuwa viatu, lakini mapenzi yake yalikuwa fataki, na tabia za baruti alizijua sana. Ndugu yake, Robert, alipenda kuunda ndege ndogo za mfano. Robert alitaka kitu cha kuwaonyesha watu jinsi roketi inavyoruka. Basi mwaka 1954 ndugu hao wawili waliunganisha maarifa yao, mmoja akaleta elimu ya moto na mwenziwe elimu ya kuruka. Waswahili husema: Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Kitu walichokiunda kilikuwa roketi ndogo ya karatasi na mti mwepesi. Waliita Rock-A-Chute. Ndani yake mlikuwa na bomba dogo la karatasi ngumu, na baruti imeshindiliwa humo kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza huwaka na kuisukuma roketi juu. Fungu la pili huwaka polepole, likitoa moshi tu bila kusukuma. Fungu la tatu ni dogo mno. Huwaka mara moja, likapuliza hewa ya moto upande wa mbele, ikasukuma pua ya roketi itoke kama kizibo cha chupa. Ndipo mwavuli wa kushukia unapotoka na kukunjuka.

Huenda msomaji akauliza, lile fungu la pili lina faida gani? Jibu ni hili: baruti ya kwanza ikwishapo, roketi bado yaenda mbio sana. Mwavuli ukifunguka saa ile, utararuka. Tena ukichelewa mno, roketi itakuwa imekwisha geuka na kuja chini kama mkuki. Basi moto ule wa polepole ndio saa yake. Hungoja mpaka roketi imekaribia kilele cha mwendo wake, mahali ambapo kasi imepungua. Na ili mwavuli usiungue, katikati huwekwa karatasi isiyoshika moto. Hivyo chombo kile kile chaweza kurushwa tena na tena.

Wakati ule haja ya kitu kama hicho ilikuwa kubwa. Vijana wengi wa Marekani walikuwa wakijaribu kujitengenezea roketi kwa mabomba ya chuma, wakichanganya dawa za moto kwa mikono yao wenyewe. Bomba la chuma likipasuka, kila kipande chake huwa risasi. Wengine walipoteza vidole, wengine macho, na wengine maisha yao. Tarehe 4 Oktoba, 1957, Warusi waliporusha Sputniki kuizunguka dunia, hamu ya vijana ilizidi, na hatari ikazidi pamoja nayo.

Palikuwa na mtu mmoja aliyeliona jambo hili kwa uchungu, G. Harry Stine. Alikuwa akifanya kazi White Sands, katika jimbo la New Mexico, mahali ambapo jeshi lilijaribia makombora, nayo kazi yake ilihusu usalama. Mwaka 1957 aliandika makala katika gazeti moja juu ya kazi hiyo. Carlisle aliisoma makala yake, akampelekea roketi zake azijaribu. Stine alipoziona zikipanda na kushuka kwa mwavuli, alitambua kwamba dawa ya msiba ule imepatikana. Hakuwaambia vijana waache kutazama mbinguni, aliwapa njia.

Njia hiyo ilikuwa na sheria. Mtu asichanganye baruti mwenyewe, bali atumie mabomba yaliyokwisha tengenezwa na kupimwa kiwandani. Mwili wa roketi uwe wa karatasi, mti au plastiki, usiwe wa chuma. Isiwashwe kwa kiberiti, ila kwa umeme, kupitia waya mrefu, na ufunguo wa usalama ukae kwa mrushaji. Watazamaji wasimame mbali, na hesabu isomwe kwa sauti kabla ya kurusha. Roketi isipowaka, ufunguo hutolewa, na mtu yeyote asiisogelee mpaka sekunde 60 zipite. Sheria hii ya mwisho yaonekana ndogo, lakini imeokoa nyuso nyingi.

Mabomba yalitakiwa kwa wingi. Mwaka 1959 Vernon Estes wa Denver, jimbo la Colorado, aliunda mtambo wa kuyashindilia, kila moja sawa na mwenziwe. Hapo mchezo ule ukaenea mashuleni na kwa jamaa nyingi.

Baadaye wako watu wazima walioendelea na roketi kubwa zaidi. Hao nao wamejifunza kwamba mwavuli usiojaribiwa ni mwavuli usiotegemewa. Kabla ya siku ya kurusha, huilaza roketi chini uwanjani, pua yake ikielekea mahali pasipo mtu, nao hukaa mbali na kuwasha lile fungu dogo peke yake, waone kama pua yatoka sawasawa. Ikikwama, hasara ni jioni moja tu ya kazi. Laiti ingalikwama angani, ingaliangukia kichwa cha mtu.

Carlisle alifariki mwaka 1988. Hakufika mwezini, wala hakuongoza jeshi. Alikuwa muuza viatu. Lakini vijana wasiohesabika wamerudi nyumbani na vidole vyao kumi kwa sababu mtu mmoja aliifikiri safari ya kurudi kabla ya safari ya kwenda. Nasi tukianza jambo lolote lenye moto ndani yake, tujiulize kwanza: litashukaje?